Namba za Heksadesimali na Makosa Yanayojificha Ndani Yake

Ndani ya kompyuta kila kitu huishia kwenye tarakimu mbili tu, sifuri na moja. Tarakimu moja kati ya hizo huitwa biti, na biti nane zikikaa pamoja huitwa baiti. Safu ya biti 32 ni ndefu mno kwa jicho la binadamu, na ikiandikwa kwa mfumo wa kumi wa kila siku, haioneshi tena biti ipi imewaka na ipi imezimika. Kwa sababu hiyo watu wanaoandika programu zinazoigusa mashine moja kwa moja, kama vile mifumo endeshi na programu za mita, injini na vifaa vya mtandao, hutumia mfumo wa kumi na sita, unaoitwa heksadesimali.

Mfumo huu una tarakimu 16. Kumi za kwanza ni zile zile, sifuri hadi tisa. Sita zinazobaki ni herufi A hadi F, ambapo A ni kumi na F ni kumi na tano. Uzuri wake ni kwamba tarakimu moja hubeba biti nne kamili, na tarakimu mbili hubeba baiti nzima. Anayeona FF anajua papo hapo kwamba hiyo ni baiti ambayo biti zake zote nane zimewaka. Anayeona 255, ambayo ni thamani hiyo hiyo, hawezi kuliona hilo bila kupiga hesabu. Uandishi huu ulipata nguvu baada ya IBM kutangaza kompyuta za System/360 mwaka 1964, ambazo baiti yake ilikuwa ya biti nane. Katika lugha ya C, iliyobuniwa na Dennis Ritchie katika maabara za Bell nchini Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1970, namba ya heksadesimali hutanguliwa na sifuri na herufi x, hivi: 0xFF. Java, Python, Go na Rust zinaandika vivyo hivyo.

Namba ya heksadesimali inaonesha biti waziwazi, lakini kuna mambo manne isiyoyatamka kwa sauti. La kwanza ni mfumo wa kuhesabia ambao kompyuta itautumia kuisoma. La pili ni upana, yaani biti ngapi zimetengwa kwa ajili yake. La tatu ni alama, yaani kama biti ya juu kabisa inamaanisha hasi au la. La nne ni mpangilio wa baiti zake kwenye memori. Mwandishi wa programu akitazama thamani peke yake na kuyasahau hayo manne, hupata hitilafu ambazo kompaila, yaani programu inayotafsiri msimbo kwa ajili ya mashine, haizilalamikii na majaribio ya kawaida hayazifichui.

Kuhusu mfumo, kosa linalorudiwa mara kwa mara hutokea kwenye bendera, yaani biti moja moja zinazotumika kama swichi. Thamani za biti zinazofuatana ni 1, 2, 4, 8, 16 na 32. Kwa heksadesimali zinapaswa kuandikwa 0x1, 0x2, 0x4, 0x8, 0x10 na 0x20. Mwandishi aliyezoea mfumo wa kumi huanza vizuri, 0x1, 0x2, 0x4, 0x8, halafu mkono unaandika 0x16. Namba hiyo si kumi na sita. Ni ishirini na mbili, na ndani yake zimewaka biti tatu, ile ya 16, ile ya 4 na ile ya 2. Anayewasha swichi ya tano anawasha pia ya pili na ya tatu bila kukusudia. Kama swichi ya pili ilikuwa ya ruhusa ya kuandika kwenye faili, mtumiaji amepewa ruhusa ambayo hakuna aliyeamua kumpa. Programu hupita kwa kompaila bila onyo, na inaweza kufanya kazi kwa muda mrefu mpaka mtu azitumie swichi hizo kila moja peke yake.

Sifuri ya mbele nayo ina historia yake. Kabla ya C kulikuwa na lugha ya B ya Ken Thompson, na kompyuta ya PDP-7 aliyoitumia ilikuwa na maneno ya biti 18. Kumi na nane hugawanyika kwa tatu, kwa hiyo mfumo wa nane, yaani oktali, ambao kila tarakimu yake ni biti tatu, ulifaa sana. Namba ya oktali ilitambulishwa kwa sifuri moja ya mbele, na C ikairithi kanuni hiyo. Matokeo yake, katika C 10 ni kumi, 0x10 ni kumi na sita, na 010 ni nane. Mwandishi anayetaka safu yake ya namba ipendeze akaandika 001, 010 na 100 amepata moja, nane na mia.

Upande wa pili wa kosa hilo ni kuisahau sifuri pale inapotakiwa. Ruhusa za faili katika Unix na Linux huandikwa kwa oktali, na 0644 ina maana kwamba mwenye faili anasoma na kuandika, wengine wanasoma tu. Programu inayotuma 644 bila sifuri inatuma namba ya mfumo wa kumi, ambayo kwa oktali ni 1204: mwenye faili anabaki na ruhusa ya kuandika bila kusoma, kundi lake halina ruhusa yoyote, na watu baki wanaruhusiwa kusoma. Vivyo hivyo kwa anwani za intaneti. Programu nyingi za zamani husoma 0177.0.0.1 kwa oktali, yaani 127.0.0.1, ambayo ni anwani ya kompyuta yenyewe. Mwaka 2021 ilifichuliwa kwamba maktaba kadhaa za programu, ikiwamo moja ya Python, zilikuwa zikiitupa sifuri na kusoma 177. Mlinzi anasoma anwani moja na mlango unasoma nyingine. Hapo mshambuliaji anapita katikati. Python toleo la 3, lililotoka mwaka 2008, liliikataa kabisa namba kama 010 katika msimbo na kudai 0o10, ili oktali isitokee kwa bahati mbaya.

Herufi za heksadesimali pia zina kazi nyingine nje ya mfumo wao. E hutumika kuandika vipeo: 2E+3 ni mbili mara elfu. Kwa hiyo mwandishi wa C anayeandika 0xE+1 bila nafasi, akitarajia kumi na tano, anakataliwa na kompaila. Kanuni ya kukata maandishi inaona E ikifuatwa na alama ya kujumlisha, inadhani ni kipeo, inameza yote kuwa namba moja, kisha inagundua kwamba namba hiyo haina maana. Ajabu ni kwamba 0xF+1 inapita salama. Tiba ni kuweka nafasi kila upande wa alama ya kujumlisha. Hapo angalau kompaila inapiga kelele. Katika lugha ya PHP E imeleta hatari ya kimyakimya: alama mbili za siri za nywila (hashi) zinazoanza na 0e na kufuatwa na tarakimu tupu, zikilinganishwa kwa alama ya usawa ya kawaida, huhesabiwa zote kuwa sifuri mara kipeo fulani, kwa hiyo zinaonekana sawa hata kama ni tofauti kabisa. Ukaguzi wa nywila ulioandikwa hivyo unaweza kumkubali asiyestahili.

Ndani ya maandishi yaliyofungwa kwa alama za kunukuu, C ina mtego mwingine. Alama ya mkwaju wa nyuma na herufi x huanzisha baiti ya heksadesimali, na kompaila huendelea kumeza kila herufi inayoweza kuwa tarakimu ya mfumo huo. Mwandishi anayetaka mlio wa kengele, ambao ni baiti 07, ufuatwe na neno Mama, anaandika "\x07Mama" na anapata alichotaka, kwa kuwa M si tarakimu. Akiandika "\x07Dada" au "\x07Baba", neno zima limemezwa, maana herufi zake zote ziko kati ya A na F. Namba inayotokea ni kubwa kuliko baiti moja, na neno limepotea. Dawa ni kuyakata maandishi vipande viwili vinavyofuatana, "\x07" "Dada", ambavyo C huviunganisha baada ya kuisoma baiti.

Jambo la pili ni upana. Jicho haliwezi kuhesabu F nyingi zilizopangana. 0xFFFFFFFF ina F nane na ni biti 32 zote zikiwa zimewaka. 0xFFFFFFF ina saba na inaziacha biti nne za juu zikiwa zimezima. Sifuri moja ikipotea au kuongezeka, thamani hubadilika mara kumi na sita: 0x1000 ni 4096, ukubwa wa kawaida wa ukurasa mmoja wa memori, na 0x10000 ni 65536. Lugha nyingi sasa zinaruhusu kitenganishi. Java iliruhusu mstari wa chini mwaka 2011 na Python mwaka 2016, ambapo 0xFFFF_FFFF husomeka mara moja. C++ iliruhusu alama ya apostrofi katika toleo la 2014, na C ikafuata katika toleo la C23.

Upana huonekana kwa ukali zaidi pale kihesabio kinapojaa. Windows 95 ilihesabu milisekunde tangu kompyuta iwashwe katika nafasi ya biti 32. Kikomo cha 0xFFFFFFFF hufikiwa baada ya siku 49.7, na kompyuta iliyoachwa ikiwaka mfululizo muda huo iliweza kuganda. Mwaka 2015 mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani iliagiza ndege za Boeing 787 zizimwe umeme mara kwa mara, kwa sababu kihesabio ndani ya vidhibiti vya jenereta kingefurika baada ya siku 248 za umeme mfululizo na vidhibiti hivyo vingeweza kuzima umeme wa ndege. Siku 248 zinalingana na 0x7FFFFFFF, ikihesabiwa kwa sehemu ya mia ya sekunde.

Afrika Mashariki imeishuhudia hesabu ya namna hii ikijaa. Mita za umeme za LUKU nchini Tanzania na mita za tokeni nchini Kenya hufuata kanuni ya STS iliyoanzia Afrika Kusini. Kila tokeni hubeba muda ilipotolewa, unaohesabiwa kwa dakika tangu Januari 1, 1993, katika nafasi ya biti 24. Hizo ni tarakimu sita za heksadesimali, na kikomo chake, 0xFFFFFF, ni dakika 16777215. Hesabu hiyo ilijaa Novemba 24, 2024. Kabla ya siku hiyo TANESCO, Kenya Power na mashirika mengine ya umeme yaliwataka wateja waingize kwenye mita namba mbili za tarakimu 20 kabla ya tokeni yenyewe. Namba hizo zilibadilisha ufunguo wa siri wa mita na kuusogeza mwanzo wa kuhesabu kutoka mwaka 1993 hadi 2014. Mita ambayo haikufanyiwa hivyo isingekubali tokeni mpya. Kazi ilikuwa kubwa, lakini iliwezekana kupangwa mapema kwa sababu upana wa biti 24 ulikuwa umeandikwa wazi ndani ya kanuni. Hatari kubwa zaidi ni upana ambao hakuna aliyeuandika popote.

Jambo la tatu ni alama. Katika biti 32, 0x7FFFFFFF ni 2147483647, namba kubwa kuliko zote ikiwa biti ya juu imetengwa kwa ajili ya hasi. Ikiongezwa moja inakuwa 0x80000000, ambayo kwa usomaji huo ni hasi 2147483648. Mifumo ya Unix huhesabu sekunde tangu Januari 1, 1970, na ile inayotumia biti 32 zenye alama itafika kikomo Januari 19, 2038, saa kumi na mbili na dakika 14 asubuhi kwa saa za Afrika Mashariki. Sekunde moja baadaye itarudi hadi Desemba 13, 1901. Kompyuta kubwa nyingi zimekwisha kuhamia biti 64. Wasiwasi uko kwenye vifaa vidogo vilivyofungwa ukutani au ndani ya mashine vikasahaulika.

Baiti moja nayo ina mtego wa alama. Aina ya char katika C haikuwekewa kanuni: kompaila inaweza kuihesabu kuwa na alama au bila alama. Katika Linux juu ya prosesa za Intel huwa na alama. Juu ya prosesa za ARM kwa kawaida haina. Mwandishi anaweka 0xFF kwenye char, kisha anauliza kama char hiyo ni sawa na 0xFF. Kwenye Intel jibu ni hapana, kwa kuwa baiti imesomwa kuwa hasi moja na hasi moja si 255. Kwenye ARM jibu ni ndiyo. Kosa hilo hilo huharibu usomaji wa faili. Kazi ya getchar hurudisha hasi moja faili inapokwisha. Jibu lake likiwekwa kwenye char yenye alama, baiti ya 0xFF inaonekana kama mwisho wa faili. Na picha za JPEG huanza na baiti ya FF, kwa hiyo programu ya kunakili picha inasimama kabla ya kunakili chochote. Likiwekwa kwenye char isiyo na alama, hasi moja haionekani kamwe na programu inazunguka bila kikomo. Tiba ni kulipokea jibu hilo katika int, aina ya namba iliyo pana zaidi, kama kanuni inavyotaka.

Mtego ulio mgumu kuliko yote uko kwenye aina ambayo C huipa namba yenyewe. Namba ya mfumo wa kumi isiyotosha katika int hupandishwa kwenye aina pana zaidi yenye alama. Namba ya heksadesimali isiyotosha katika int hujaribiwa kwanza katika aina ya upana ule ule isiyo na alama. Kwa hiyo, int ikiwa ya biti 32, 2147483648 na 0x80000000 ni thamani moja yenye aina mbili tofauti. Madhara yake huonekana wakati wa kuzima biti kwenye rejista, yaani nafasi ndogo ya kuhifadhia namba ndani ya mashine, ya biti 64. Mwandishi anayetaka kuzima biti ya 0x40000000 huzigeuza biti zote za namba hiyo, kisha huichuja rejista kwa matokeo hayo. Namba hiyo inatosha katika int, ikigeuzwa inakuwa hasi, na inapopanuliwa kufikia biti 64 nafasi za juu hujazwa moja. Biti moja imezimika, zingine ziko salama. Kisha anazima biti inayofuata, 0x80000000, kwa mstari ule ule. Safari hii namba haina alama, ikigeuzwa inakuwa 0x7FFFFFFF, na inapopanuliwa nafasi za juu hujazwa sifuri. Nusu nzima ya juu ya rejista imefutwa. Mistari hiyo miwili inafanana kwa kila kitu isipokuwa tarakimu moja, na kompaila inaikubali yote miwili.

Jambo la nne ni mpangilio wa baiti. Namba 0x12345678 ikiwekwa kwenye memori ya kompyuta ya Intel, baiti zake hukaa hivi: 78, 56, 34, 12, ile ndogo ikitangulia. Itifaki za intaneti hutanguliza ile kubwa. Mwaka 1980 Danny Cohen aliandika makala kuhusu mgogoro wa mipangilio hiyo, akizipa kambi mbili majina kutoka kwenye riwaya ya Jonathan Swift ambamo watu wanapigania ncha ipi ya yai ivunjwe. Programu inayosahau kugeuza mpangilio inapotuma namba ya mlango wa mtandao wa 80, yaani 0x0050, hutuma 0x5000, na upande wa pili unasoma 20480. Faili za Java zilizokwisha kukompailiwa huanza na 0xCAFEBABE. Msomaji aliyekosea mpangilio huona 0xBEBAFECA. Alama hiyo ya mwanzo husaidia, kwa sababu kosa linajulikana kwenye baiti nne za kwanza kabla data haijaharibiwa.

Kinga za makosa haya yote ni tabia za kuandika, na kila tabia hulitamka wazi jambo mojawapo kati ya manne. Kwa mfumo, bendera ziandikwe kwa kusogeza moja: 1u << 4 ni biti ya tano bila mtu kupiga hesabu kichwani. Kwa upana, zitumike aina zinazoutaja kwa jina, kama uint32_t na uint64_t zilizokuja na C ya mwaka 1999, pamoja na kitenganishi cha tarakimu. Kwa alama, namba ya kuchuja rejista ya biti 64 ifuatwe na ULL, na baiti ghafi ziwekwe katika uint8_t badala ya char. Kwa mpangilio, namba inayotoka nje ya kompyuta ijengwe baiti baada ya baiti kwa mpangilio uliotajwa, wala isinakiliwe kutoka kwenye memori jinsi ilivyo. Sharti ambalo programu inalitegemea, kama vile ukubwa wa aina fulani, liandikwe kwa _Static_assert, inayopatikana tangu C ya mwaka 2011, ili kompaila igome sharti hilo likivunjwa.

Majaribio nayo yachaguliwe kwa makini. Sifuri, 0xFFFFFFFF na 0x11111111 ni namba mbovu za kujaribia, kwa sababu baiti zake zikigeuzwa zinabaki vile vile. 0x01020304 hufichua mpangilio mara moja. Namba za mipakani, 0x7F na 0x80, 0x7FFFFFFF na 0x80000000, hufichua alama na upana. Programu itakayotumika kwenye Intel na ARM ijaribiwe kwenye zote mbili, na maonyo ya kompaila kuhusu kulinganisha namba zenye alama na zisizo na alama yawashwe tangu siku ya kwanza. Yakiwashwa mwishoni huja kwa mamia, na maonyo yanayokuja kwa mamia hayasomwi.